Punje Thelathini na Nane

Swali lenyewe lilikuwa fupi. Mgeni aliyekaa mwisho wa meza, mama wa makamo aliyetoka Ulaya, aliinua kalamu akaniuliza: "So you don't have figures for the dry season?" Kwa hiyo takwimu za kiangazi hamna? Nikamjibu, "Yes."

Kwa Kiswahili nilikuwa nimesema kweli. Mtu akikuuliza "Hujala?" nawe hujala, unamwambia "Ndiyo, sijala." Ndiyo yetu inamkubalia aliyeuliza: hivyo ulivyosema, ndivyo. "Yes" ya Kiingereza haina habari na muulizaji, inaangalia kama jambo lipo au halipo. Takwimu hatukuwa nazo, kwa hiyo jibu lilikuwa "No". Mimi nikasema "Yes", tena kwa sauti ya adabu, na yule mama akatabasamu, akaandika, akaniomba nimtumie kabla ya Ijumaa. Hata hapo sikushtuka. Nilidhani anataka zile za masika.

Wiki mbili baadaye ikaja barua pepe ikiuliza takwimu nilizosema ninazo ziko wapi. Tukaeleza. Lakini maelezo yanayofuata barua ya namna ile husomeka kama visingizio, na sidhani kama yupo aliyeyasoma hadi mwisho. Chujio la maji tulilokuwa tunawaomba wafadhili wale kwa ajili ya shule moja ya msingi upande wa Ngarenanyuki, mkoani Arusha, likaahirishwa mwaka mzima. Watoto walioingia darasa la kwanza Januari ile wakanywa maji yale yale mwaka mwingine.

Mimi ni mtaalamu wa maabara ya maji. Ninachopima zaidi ni floraidi. Miteremko ya Mlima Meru ni mawe ya volkano, na maji yanayopita chini yake huokota floraidi humo. Ikiwa kidogo, huyasaidia meno. Ikizidi, na mtoto akainywa katika miaka ile ambayo meno yake ya ukubwani bado yanajengeka ndani ya ufizi, meno huota na madoa ya kahawia ambayo hakuna mswaki utakaoyatoa. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa huharibika, miguu ikapinda. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Nimepima visima vya kwetu vyenye mara nne ya hapo. Na dawa ipo, tena si ya maajabu: mifupa ya ng'ombe huchomwa kwa moto mkali ikawa mkaa, ikasagwa, ikajazwa kwenye pipa, na maji yanayopita humo huiacha floraidi nyuma. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, huku huku Arumeru, kimeifanyia kazi njia hiyo miaka mingi.

Haya nayajua. Nayaandika kwa Kiingereza karibu kila wiki, kwa sababu ripoti zetu ni za Kiingereza. Siku ile ya swali nilikuwa nimepewa dakika ishirini kuyaeleza mbele ya watu kumi na wanne, na nilimaliza kwa dakika nane. Nilisoma slaidi moja baada ya nyingine, mgongo nusu umewaelekea wageni, macho kwenye ukuta. Nilisema kama mtu anayevuka barabara yenye malori.

Kwa nini nilikimbia? Nimelifikiria swali hilo kwa muda mrefu, na kila mara linanirudisha kwenye kipande cha mbao.

Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, kama watoto wengi wa Tanzania, na Kiingereza kilikuwa somo kati ya masomo. Kidato cha kwanza mambo yakageuka: baiolojia, jiografia, hesabu, vyote kwa Kiingereza, na ukiwa ndani ya uzio wa shule, hakuna kuongea Kiswahili. Palikuwa na kibao cha ukubwa wa daftari, kimetobolewa juu, kimepitishwa kamba ya katani. Kimeandikwa SPEAK ENGLISH kwa rangi nyeupe. Aliyekamatwa akisema Kiswahili alikivaa shingoni hadi amkamate mwingine. Atakayekutwa nacho jioni wakati wa mstari, viboko ni vyake.

Nilikivaa mara ya kwanza wiki ya pili. Tulikuwa tunatoka bwenini kukimbilia kifungua kinywa, nikamkanyaga rafiki yangu kidole kilichokuwa na kidonda. Akapiga yowe. Mimi nikasema, "Pole!" Neno lilitoka kabla sijalifikiria, kama mkono unavyotoka mtoto anapoanguka. Aliyekuwa na kibao alikuwa nyuma yangu. Nilikivaa siku nzima, sikumkamata mtu, sikujaribu hata kumkamata mtu. Kamba ilinichubua nyuma ya shingo. Na hadi leo sijapata neno la Kiingereza ambalo lingesema kile nilichotaka kumwambia yule msichana asubuhi ile. "Sorry" inakiri kosa. Pole yangu haikuwa ya kukiri kosa tu, ilikuwa ya kulishika lile jeraha.

Nasema wazi, na kama wewe ni mwalimu naomba unisikilize: kibao hakifundishi Kiingereza. Mimi kilinifundisha mambo mawili. La kwanza, ukinyamaza hakikupati. La pili, ukilazimika kusema, sema upesi umalize kabla hujakosea. Nikatoka kidato cha nne naandika insha ya kurasa tatu bila kosa, na sikuweza kuuliza swali darasani. Nikapita chuoni hivyo hivyo. Nikaingia kazini hivyo hivyo.

Baada ya ile barua pepe niliamua kutafuta mtu wa kunifundisha. Jirani akanielekeza kwa mwalimu wa Kiingereza aliyestaafu, mama ambaye hadi leo sote tunamwita Madam, aliyekuwa akikusanya watu kila Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa Usa River. Nilipofika nilikuta watu wanane. Nesi, msimamizi wa shamba la maua, wanafunzi wawili wa chuo, mwongoza watalii, fundi umeme, mama mwenye duka la vitenge, na mzee mmoja aliyefanya kazi hifadhini miaka thelathini. Nikawa wa tisa.

Madam hakuubuni mpangilio wake, aliuchukua kwa Toastmasters. Hicho ni chama cha wazungumzaji kilichoanza mwaka 1924 kwenye jengo la YMCA mjini Santa Ana, California. Mwanzilishi wake, Ralph Smedley, alikuwa amewaona vijana wa YMCA wana mawazo mazuri lakini hawajui kusimama wakayasema, wala kuendesha kikao. Akawawekea utaratibu wa zamu. Leo wewe unahutubia, mimi natunza muda, yule anatathmini. Wiki ijayo tunabadilishana. Hakuna anayekaa pembeni. Chama hicho sasa kimeenea duniani, nasi hatukuwa tawi lake, tulikuwa watu tisa kwenye ukumbi wenye mabenchi. Lakini utaratibu ule ni mzuri kweli, na hauhitaji hela.

Hotuba ya kwanza ya mwanachama ni ya kujitambulisha, dakika nne hadi sita. Mtunza muda hukaa nyuma na kadi tatu za manila. Ya kijani inainuliwa dakika ya nne: umefika kima cha chini. Ya njano dakika ya tano. Nyekundu ya sita: malizia. Halafu kuna mtu wa kuhesabu viziba pengo, yaani yale maneno na miguno tunayotia katikati ya sentensi wakati akili inatafuta njia. Kwa Kiswahili ni "yaani", "eeh", "nini hii", "sasa". Kwa Kiingereza cha huku kwetu ni "so", "actually", "aaa", "like". Madam alimpa mhesabuji mfuko mdogo wa maharage na kikombe cha bati. Kila kiziba pengo, punje moja.

Nilisimama. Nikaanza kusema nilikozaliwa. "So, actually, my name..." Tik. Tik. Sauti ya haragwe kwenye bati ni ndogo, lakini ukumbi ulikuwa kimya, na kila punje ilifika masikioni mwangu kama hodi. Sikuiona hata kadi ya kijani. Nilikaa chini baada ya dakika tatu kasoro, na mhesabuji, yule mama wa vitenge, akazimwaga punje mezani akazihesabu mbili mbili. Thelathini na nane.

Nilijua natakiwa kuona aibu, na koo lilikuwa limeanza kubana. Lakini Madam alizikusanya zile punje, akaniwekea kiganjani, akasema, kwa Kiswahili: "Mwanangu, kila moja hapa ni mahali ulipotakiwa kunyamaza. Una nafasi thelathini na nane za kupumua. Nenda nazo nyumbani."

Nilikwenda nazo. Zilikaa kwenye kibakuli juu ya friji, na jioni nilikuwa nasoma aya moja ya ripoti yangu kwa sauti, nikihamisha punje moja kila ninapofika nukta, na sivuki hadi nimevuta pumzi. Inaonekana kazi ya kitoto. Wiki ya kwanza sikuiweza. Mwili ulikataa. Nikifika nukta, kitu ndani yangu kilinisukuma: endelea, endelea, watakushika. Nikagundua nilikuwa sivuti pumzi kabisa. Nilikuwa nasema sentensi nne kwa pumzi moja, sauti inapanda juu, mwisho inakuwa nyembamba kama uzi. Madam alinifundisha kuweka mkono tumboni, chini ya mbavu, na kuvuta hewa hadi ukanda wa sketi ubane. Hofu haiondoki kwa hilo. Moyo unadunda vile vile, mdomo unakauka vile vile, kwa sababu mwili umeshaamua kwamba kuna hatari na umejiandaa kukimbia. Ila hewa ikiwepo, sauti haikatiki, na sauti isipokatika unasikika kama mtu anayejua anachosema.

Lililofuata ni mkazo, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijaona watu wetu wakielezwa vizuri.

Kiswahili kinatupa zawadi ambayo hatuijui hadi tutoke nje yake. Mkazo wa neno hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. KiTAbu. Ukiongeza silabi, mkazo unahama wenyewe: kitaBUni. Hujifunzi, unanyonya na maziwa. Kiingereza hakina huruma hiyo. Mkazo uko popote, na ukihama neno linabadilika sura. Madam aliandika ubaoni maneno matatu ambayo sote tulikuwa tunayasema kila siku: manager, minister, development. Akasema piga kofi pale unapokandamiza. Sisi tisa tukapiga: maNAger, miNIster, deveLOPment. Silabi ya pili kutoka mwisho, yote, kama tumefundishwa na mtu mmoja. Kumbe tulikuwa tumefundishwa na mtu mmoja, Kiswahili. Neno meneja tumeligeuza letu, na kwa Kiswahili meNEja ndiyo sahihi. Kwa Kiingereza kofi linakuja mwanzo: MAnager. MInister. Na development linakuja la pili: deVElopment.

Nesi akauliza, je, sasa tuanze kubana pua kama wazungu? Madam akasema hapana, na nakubaliana naye kabisa. Lafudhi yako ni anwani yako, haina kosa. Waingereza wenyewe hukandamiza "laboratory" silabi ya pili na Wamarekani ya kwanza, na wote wanaelewana. Mkazo ni jambo jingine. Mkazo ukikaa pasipo pake msikilizaji analazimika kulijenga neno upya kichwani, na wakati analijenga, sentensi yako inayofuata imeshampita. Nilifarijika kwamba neno langu kuu, fluoride, lina silabi mbili na mkazo uko ya kwanza, pale pale tulipouzoea.

Jumamosi moja Madam akaandika sentensi ya maneno manne: We drink this water. Akatutaka tuisome mara nne, kila mara tukikandamiza neno tofauti. WE drink this water. We DRINK this water. Nikasimama na chaki mkononi na ghafla nikaelewa jambo ambalo miaka kumi na mbili ya Kiingereza cha darasani haikuniambia.

Sisi tunayo haya yote. Tunayo kwenye maneno. Nikitaka kukuambia ni sisi, si ninyi, nasema: sisi ndio tunaoyanywa maji haya. Nikitaka uyatazame maji: maji haya ndiyo tunayokunywa. Nikitaka ujue kwamba hatuyafulii tu: kuyanywa, tunayanywa. Ndi yetu inafanya kazi, mpangilio wa maneno unafanya kazi, sauti inaweza kukaa tulivu. Mwingereza ana njia kama hizo pia, lakini ile anayoitumia kutwa nzima ni sauti. Ndi yake ameiweka kooni. Ndiyo maana sisi tukisema Kiingereza kwa sauti yetu tulivu, kila silabi tukiipa haki yake kama tulivyolelewa, na juu ya hayo tukikimbia, wanaosikiliza hawajui kipi washike. Maneno yote yamefika, na hakuna hata moja lililobeba mzigo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikichukua hotuba yangu na kujiuliza, kila sentensi: ningeisema kwa Kiswahili, ndi ingekaa wapi? Pale inapokaa ndi, napiga mstari kwa kalamu nyekundu. Hilo ndilo neno la kuegemea. Nimewafundisha wenzangu wawili kazini njia hii na imewafaa. Sijaiona kwenye kitabu. Ichukue.

Yapo mengine tuliyojifunza ambayo nitayapitia haraka. Saa, kwa mfano. Mwongoza watalii alitusimulia alivyowaambia wageni gari litaondoka "at two", akimaanisha saa mbili asubuhi, na wao wakalala hadi mchana. Mzungu anaanza kuhesabu usiku wa manane, sisi tunaanza jua linapochomoza, kwa hiyo unaongeza au unapunguza sita, na kabla hujapanda jukwaani andika saa zote kwenye karatasi kwa tarakimu. Halafu mada za papo kwa papo: unaitwa mbele, unapewa swali ambalo hujaliona, unasema dakika moja hadi mbili. Hizo ndizo zilizonisaidia zaidi kuliko hotuba za kuandaa, kwa sababu maswali ya wafadhili hayaji na notisi. Tulifanya hata zoezi la maswali ya kukanusha peke yake. "You don't like ugali?" "You haven't been to Moshi?" Tulirushiana kama mpira kwa nusu saa, na fundi umeme, aliyekuwa mwepesi kuliko sote, alituambia siri yake: hajibu kwa "yes" au "no" peke yake kamwe. Anasema sentensi nzima. "I have been." "We have none." Sentensi nzima haisomeki vibaya.

Tathmini ilitupa shida ya aina yake. Kwa mila zetu kijana hasimami akamkosoa mtu mzima mbele ya watu. Siku mwanafunzi wa chuo alipopangiwa kumtathmini mzee wa hifadhini, alikaa kimya hadi Madam akamwita mara mbili. Kisha akasimama, akamgeukia mzee, akasema, "Shikamoo mzee." Mzee akaitikia, "Marahaba." Na hapo, baada ya heshima kukaa mahali pake, yule kijana akamwambia kwa Kiingereza kwamba hadithi yake ya tembo ilikuwa nzuri lakini ilifika kwenye tembo dakika ya tano. Mzee akacheka, akasema ni kweli. Tangu hapo tathmini zote kwetu zilianza na salamu.

Na hilo linanileta kwenye itifaki. Hotuba za kwetu huanza kwa kuwataja waheshimiwa kwa ngazi zao, na tukifupisha tunasema itifaki imezingatiwa, ambayo kwa Kiingereza cha Afrika Mashariki imekuwa "all protocol observed". Vitabu vya hotuba vya Kimarekani vinakuambia uanze na hadithi, au swali, au jambo la kushtua. Nimejaribu zote mbili. Maoni yangu ni kwamba salamu haiachwi. Mtu asiyesalimia hajafika. Lakini salamu ikichukua dakika nne kati ya dakika kumi, wale watoto wa Ngarenanyuki wamepewa dakika sita. Siku hizi nasalimia kwa sentensi moja, nanyamaza, kisha naanza.

Kuanza nini? Hilo sikulipata ukumbini. Nililipata kwa bibi.

Bibi yangu ni mtoto wa Ngarenanyuki. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwaondoa Wameru kwenye ardhi ile kwa nguvu ili walowezi wa Kizungu wapewe, nyumba zikachomwa, mifugo ikatangatanga. Bibi alikuwa msichana mdogo. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, Mmeru mwenzetu, alisafiri hadi New York akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuieleza kesi hiyo, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton. Ilikuwa miaka tisa kabla ya Mwalimu Nyerere kulihutubia Baraza Kuu, tarehe 14 Desemba 1961, Tanganyika ilipopokewa kuwa mwanachama. Azimio la kurudishiwa ardhi halikupata kura za kutosha. Lakini kwetu jina la Kirilo hutajwa mezani kama jina la ndugu. Bibi humweleza hivi: alikwenda akawaambia.

Nilikuwa nimekaa naye nje, anachambua mboga, nami nalalamika kwamba sijui nianze vipi hotuba yangu ya pili kwa wageni wale wale, mwaka mmoja baadaye. Akauliza wanataka kujua nini. Nikamwambia floraidi. Akauliza floraidi ni nini. Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, akainua kichwa, akafungua mdomo akagonga meno yake ya mbele kwa ukucha: tik, tik. "Si hii?"

Hotuba ilikuwa imeisha kuandikwa.

Niliifanyia mazoezi siku ishirini na mbili. Asubuhi kwa sauti jikoni, mchana kimya kwenye daladala, Jumamosi mbele ya wenzangu na kikombe cha bati. Sikuikariri neno kwa neno. Ukikariri, neno moja likidondoka yote yanafuata. Nilikariri sentensi ya kwanza, sentensi ya mwisho, na mpangilio wa yaliyo katikati. Nilikata slaidi kutoka ishirini na sita hadi tano. Jumamosi ya mwisho punje zilikuwa nne.

Siku yenyewe, Arusha, chumba kile kile, projekta ile ile inayounguruma. Nilisalimia. Nikaweka mezani glasi mbili za maji. Nikatembea hatua tatu hadi mbele ya meza, nikavuta pumzi hadi ukanda ukabana, nikahesabu punje moja.

"My grandmother's teeth are BROWN."

Punje.

"She NEVER ate sugar."

Punje mbili. Nilimwona mtu mmoja anaacha kuandika. Nikawaambia glasi moja imetoka kwenye chujio la mkaa wa mifupa, nyingine kisimani, ina miligramu sita kwa lita. Nikawaomba waniambie ipi ni ipi. Wakaziinua kwenye mwanga wa dirisha, wakazinusa, wakapokezana. Zote zilikuwa safi, zinang'aa. Hakuna aliyeweza, na hakuna ambaye angeweza, kwa sababu floraidi haina rangi wala harufu. Nikasema, "The children cannot tell EITHER." Nikanyamaza tena, na safari hii ukimya haukunikaba. Ulikuwa wangu. Ningeweza kukaa humo muda nilioutaka.

Nilisema dakika kumi na saba. Nilikosea mara kadhaa. Nilisema "he" nikimaanisha bibi, kwa sababu yeye yetu haibagui, nikajirekebisha nikaendelea. Kwenye takwimu ulimi ulitereza, nikarudia namba polepole. Hakuna aliyetikisa kichwa.

Kisha maswali. La tatu lilitoka kwa mzee mmoja aliyekuwa kimya muda wote. Alisema, "And the school still doesn't have a filter?"

Niliisikia "Yes" ikipanda. Ilifika hadi nyuma ya meno. Ni neno lenye adabu, linamkubalia mtu mzima, na mimi nimelelewa kumkubalia mtu mzima. Nikafunga mdomo. Nikavuta pumzi.

"No," nikasema. "The school has NO filter."

Sikuongeza neno. Akaandika.

Jioni nilimkuta bibi amekaa pale pale nje, kanga begani, baridi ya mlima imeanza kushuka. Nikamwamkia, nikakaa kwenye kigoda. Hakuniuliza habari za wafadhili wala za chujio. Aliniuliza, "Hawakukucheka?"

"Ndiyo, bibi," nikamwambia. "Hawakunicheka."